Je, jina la ukoo wenu litafika kizazi cha ngapi?

Msomaji mpendwa, Jumamosi moja ya hivi majuzi tulikwenda mtaani Umoja, hapa Nairobi, kumwona mtoto mchanga wa jirani yetu wa zamani. Tulibeba sukari, unga wa uji na sabuni, kama ilivyo ada. Mtoto ni msichana, wa tatu katika nyumba hiyo, na amepewa jina la shangazi yake. Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa, watu wanataniana, mambo yakienda vizuri. Kisha ami mtu, ndugu mdogo wa baba mtoto, akaweka kikombe mezani na kushusha pumzi.

"Kaka, hongera sana," alisema. "Lakini tusidanganyane. Wewe una wasichana watatu, mimi nina wawili, na sote tumefunga hesabu. Jina la mzee litaingia kaburini pamoja nasi."

Baba mtoto alicheka kicheko cha kulazimisha. Mama mtoto akainama na kujifanya anatafuta kijiko. Cucu, yaani mama mzazi wa ndugu hao wawili, alikuwa pembeni akimbembeleza mjukuu wake, na wala hakuinua macho. Alisema neno lake baadaye, nami nitakuletea mwishoni.

Jina lenyewe sitalitaja. Ni haba mno, na nikiliandika hapa watu wa nyumba hiyo watapigiwa simu kabla ya saa sita mchana. Nitakwambia tu asili yake. Mzee wao alikuwa kibarua katika shamba la kahawa huko Kiambu miaka ya 1940. Wenzake walimbandika jina la utani kwa ajili ya mwendo wake wa haraka. Karani wa shamba aliliandika kitabuni, likamganda mpaka akazikwa nalo. Wanawe walipoandikisha watoto shuleni hapa mjini, waliamua kila mtoto alichukue liwe jina la ukoo. Kwa hesabu ya ami, wenye jina hilo ni hawa: ndugu wawili, wake zao wawili na mabinti watano. Jumla yao ni watu tisa.

Nilirudi nyumbani na swali kichwani. Je, ni kweli jina linaweza kufa? Na kama ni kweli, huuawa na nini?

Tuanze na sarafu. Chukua sarafu yoyote kati ya zile zilizozinduliwa mwaka wa 2018, zenye mnyama upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Tuseme nembo ni mvulana na mnyama ni msichana. Sasa tuseme kuna wanaume 1,000, kila mmoja akiwa na jina la ukoo lake peke yake, na kila mmoja anazaa watoto wawili. Jina linapita kwa wavulana tu. Rusha sarafu mara mbili kwa kila mwanamume uone anapata nini.

Katika kila familia nne, moja itapata wasichana wawili. Kwa hiyo, katika kizazi cha kwanza tu, majina 250 yatakuwa yametoweka. Hakuna vita, hakuna tauni, hakuna aliyerogwa. Ukiendelea na hesabu hiyo, baada ya kizazi cha pili yatakuwa yamepotea takriban majina 391, baada ya cha tatu 483, baada ya cha nne 550, na baada ya cha tano 601. Tukihesabu miaka 30 kwa kizazi, hiyo ni miaka 150, na yamebaki majina 399 tu kati ya 1,000.

Lakini tazama ajabu yake. Idadi ya wanaume haikupungua. Kwa wastani wangali 1,000, ila sasa wanagawana majina 399. Majina yaliyobahatika yamenenepa, na yaliyokosa bahati yamezikwa. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuujaribu mchezo huo mezani baada ya chakula. Anzeni na majina 20 kwenye karatasi, na mkisha kurusha sarafu kwa vizazi vitano mtaona wenyewe ni mangapi yamesalia.

Hesabu hii si yangu. Mwaka wa 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali hilo katika jarida la walimu lililoitwa Educational Times. Galton alikuwa ameona kwamba majina ya watu mashuhuri wa zamani yalikuwa yakitoweka, na wengi walidhani ni ishara kwamba koo za wakubwa zilikuwa zimedhoofika. Aliyemjibu ni kasisi aliyebobea katika hisabati, Henry William Watson, na mwaka uliofuata wakachapisha jibu lao pamoja. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa amelishika wazo hilo tangu 1845, ila maandishi yake hayakusambaa.

Jibu lenyewe ni hili. Ikiwa kila mwanamume, kwa wastani, anaacha mtoto wa kiume mmoja au chini ya mmoja, basi kila jina litakufa siku moja, hata likichukua miaka elfu. Watson aliteleza kidogo akadhani majina yote yatakufa hata wavulana wakiwa wengi. Wanahisabati wa baadaye walirekebisha kosa hilo: wastani ukizidi mmoja, jina lina nafasi ya kuishi, na kadiri wenye jina wanavyokuwa wengi ndivyo linavyozidi kuwa salama. Hatari kubwa humkabili yule aliye peke yake mwanzoni. Mnyonge hana haki, hata katika hesabu.

Hapo utaelewa kwa nini ami ameanza kuingiwa na hofu ambayo babu zake hawakuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, utafiti wa uzazi hapa Kenya ulionyesha kwamba mwanamke mmoja, kwa wastani, alikuwa akizaa takriban watoto 8. Ukirusha sarafu mara nane, uwezekano wa kupata wasichana watupu ni 1 kati ya 256. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi watoto 3.4. Ukirusha sarafu mara tatu, uwezekano wa wasichana watupu ni 1 kati ya 8. Ukirusha mara mbili, ni 1 kati ya 4. Kwa hivyo, nyumba yenye wasichana pekee si nyumba yenye mkosi. Ni nyumba ndogo ya siku hizi, na ukitembea katika mtaa wowote wa jiji utazikuta nyingi.

Sasa tujiulize, mbona majina mengine ni haba tangu mwanzo?

Tuchukue mfano mmoja mnaoujua nyote. Aliyewahi kutazama filamu za wanyamapori kwenye runinga hawezi kukosa kumfahamu David Attenborough, yule mzee mwenye sauti ya upole, aliyezaliwa 1926. Attenborough ni jina la kijiji kimoja katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza. Zamani mtu aliyehama kijijini kwake aliitwa kwa jina la alikotoka, na jina likawafuata wanawe. Kijiji kilikuwa kidogo, waliotoka wakaitwa hivyo walikuwa wachache, basi jina likazaliwa haba.

Mwaka wa 2009 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walichapisha utafiti wa kuvutia. Walipima vinasaba vya wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Walichunguza kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, sawa na jina la ukoo la kizungu. Waliona kwamba kadiri jina lilivyokuwa haba, ndivyo wenye jina hilo walivyofanana zaidi. Kati ya wanaume wa jina la Attenborough, karibu tisa kati ya kumi walikuwa na kromosomu ya aina moja, ishara kwamba walitoka kwa babu mmoja. Lakini wenye jina la Smith hawakufanana kwa lolote, kama watu waliookotwa njiani.

Sababu ni wazi. Smith maana yake ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Jina lilizaliwa mara elfu, kwa watu elfu wasiojuana. Katika sensa ya Marekani ya 2010, waliokuwa na jina hilo walikuwa 2,442,977. Kwa hiyo, msomaji wangu, usimwonee wivu mwenye jina kubwa. Jina lililoenea haliwaambii wenyewe kama ni ndugu au la. Jina haba, kama la jirani yangu, ni karibu hati ya undugu: ukikutana na mwenye jina hilo kwenye basi la kwenda Nyeri, muulize habari za nyumbani.

Kuna pia majina yaliyopungukiwa kwa amri ya serikali. Nchini Uturuki, sheria ya 1934 ilimtaka kila mtu achukue jina la ukoo. Mwaka huohuo bunge lilimpa rais wao, Mustafa Kemal, jina la Atatürk, na likakataza mtu mwingine yeyote kulitumia. Hata dada yake, Makbule, alichukua jina tofauti, Atadan. Rais huyo alikuwa na watoto wa kulea tu, na alipofariki 1938 hapakubaki mtu wa kuitwa jina hilo. Tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, jina la Atatürk lilikuwa na takwimu moja tu: mtu mmoja. Hata hivyo, nenda Uturuki leo ukaulize kama jina hilo limekufa.

Japani nayo iliwalazimisha raia wake wote wawe na majina ya ukoo mwaka wa 1875. Kwa kuwa wengi walijichagulia upya, nchi hiyo ilijaa majina zaidi ya 100,000. Lakini sheria yao inawataka mume na mke watumie jina moja, na karibu kila mara ni la mume. Mnamo 2024 profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Hiroshi Yoshida, alipiga hesabu akasema kwamba mambo yakiendelea hivyo, kila Mjapani ataitwa Sato kufikia mwaka wa 2531. Alikusudia kuwashtua watu ili wafikirie upya sheria hiyo, na walishtuka kweli. Lakini usidhani ni mzaha mtupu. Korea Kusini, ambako majina ya ukoo ni ya kale zaidi, sensa ya 2015 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano anaitwa Kim. Mchezo wa sarafu ukichezwa kwa muda mrefu, huishia huko.

Kabla hujaanza kuhesabu watu wa jina lenu, kuna mitego miwili ya kuepuka.

Mtego wa kwanza ni tahajia. Sensa ya Marekani ya 2000 ilipata zaidi ya majina milioni 6 tofauti, na karibu theluthi mbili ya majina hayo yalikuwa na mtu mmoja mmoja tu. Je, ni majina haba kweli? Mengine ndiyo, lakini mengine ni makosa ya kuandika tu. Hapa kwetu tunayajua sana mambo hayo. Ng'ang'a akienda kwenye ofisi moja anaandikwa Nganga, na Ochieng' anapokonywa alama yake ya mwisho. Karioki na Kariuki huenda ni baba na mwana, waliotenganishwa na makarani wawili. Anayehesabu kwa herufi atawaona kuwa koo mbili.

Mtego wa pili ni mahali. Jina linaweza kuwa haba hapa na tele kwingine. Chukua jina la Mazrui. Watu wa ukoo huo walitoka Oman, wakaitawala Mombasa karne ya 18 hadi Seyyid Said alipoiteka mwaka wa 1837. Wametutolea mabingwa kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu, na Profesa Ali Mazrui, aliyefariki 2014. Ukilitafuta jina hilo katika orodha ya wanafunzi wa shule ya bara, huenda usilipate hata mara moja. Lakini vuka bahari hadi Oman na nchi za Falme za Kiarabu, utalikuta limejaa, ingawa huko wakiliandika kwa herufi za Kizungu huwa Al Mazrouei. Tahajia na mahali, mitego yote miwili katika jina moja!

Basi turudi kwetu, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo.

Hesabu ya Galton ina sharti moja: jina lipite kwa wavulana pekee, kutoka baba hadi mwana, bila kubadilika. Desturi nyingi za Kenya hazikujengwa juu ya sharti hilo. Kwa Waluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku na Ochieng' ni aliyezaliwa jua likiwaka. Jina hilo haliwezi kwisha maadamu usiku unaingia na jua linatoka. Kwa Wakalenjin, Kiprotich ni aliyezaliwa wakati mifugo inarudi nyumbani. Kwa Wakamba, Musyoka ni aliyerudi. Kwa Wagikuyu, Kariuki ni aliyefufuka.

Na desturi ya Wagikuyu, ambayo ndiyo ya jirani yangu, ina mpango wake kamili. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume. Mvulana wa pili huitwa jina la baba wa mke. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi, upande huu na upande ule. Tazama vizuri mpango huo, msomaji. Mwanamume aliyezaa wasichana watupu hapotei. Kila binti yake akiolewa na kupata mvulana wa pili, jina la babake linarudi duniani. Jina lina milango miwili: mmoja wa mwana na mwingine wa binti.

Nani basi aliufunga mlango mmoja? Hatukuufunga kwa siku moja. Wakati wa ukoloni, sheria ya kipande iliyotungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aandikishwe. Makarani walitaka jina la mtu na la babake. Kisha zikaja hati za ubatizo, shule, pasipoti na benki, na kila fomu ikiwa na nafasi ya jina la mwisho. Siku hizi wazazi wa mjini wanapenda watoto wote wawe na jina moja la mwisho, ili mwalimu asichanganyikiwe na afisa wa uhamiaji asiulize maswali. Si kosa. Lakini tujue tulichokifanya: tumechukua jina la babu lililokuwa likizunguka, tumelisimamisha, tumelifanya la kizungu. Hesabu ya sarafu, iliyoanza huko Ulaya karne nyingi zilizopita, imeanza kwetu katika kizazi hiki.

Na mbona basi tusianze kuhesabu mapema? Sensa yetu ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Ripoti zake zinatupa umri, jinsia, elimu na makabila, lakini si jedwali la majina ya ukoo. Kazi hiyo ni yako na wanao, na si ngumu. Itawatosha alasiri moja ya Jumapili.

Kwanza, mtafuteni mkubwa wa umri aliye hai katika ukoo, mkae naye na daftari. Mwulizeni jina lilianza kwa nani, wapi, na kwa sababu gani. Je, ni jina la kuzaliwa, la utani, la mahali, la kazi, au la karani aliyekosea? Msingoje mpaka siku ya matanga ndipo muulizane nani alimjua babu.

Pili, andikeni kila mwenye jina hilo kwa vizazi, babu juu na wajukuu chini. Kando ya kila jina wekeni mwaka wa kuzaliwa na mahali anapoishi. Andikeni tahajia zote mnazozijua.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, wahesabuni wanawake. Mwandikeni binti aliyeolewa hata kama kitambulisho chake sasa kina jina la mumewe. Kisha mwandike kila mtoto wake aliyepewa jina la kwenu, awe amepewa mwanzoni, katikati au mwishoni. Mkiisha, fanyeni jumla mbili. Ya kwanza ni ya walio na jina hilo mwishoni mwa majina yao. Ya pili ni ya wote wanaolibeba. Tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo itakayowaonyesha kama jina lenu linakufa au linatembea kwa njia nyingine.

Na ikiwa bado mna hofu, hakuna linalowazuia kufanya walivyofanya wazee. Binti akijifungua, ampe mwanawe jina la babake kuwa jina la katikati. Halihitaji mahakama wala ng'ombe. Linahitaji tu mume mwenye kuelewa kwamba mkewe naye alizaliwa na watu.

Sasa nirudi Umoja, maana niliahidi.

Ami alipomaliza kulalamika, kimya kilitanda mpaka tukasikia matatu zikipiga honi barabarani. Ndipo Cucu alipomlaza mtoto mapajani, akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, wewe unaitwa nani?"

"Mama, unalijua jina langu."

"Nimeuliza."

Akalitaja jina lake la kuzaliwa.

"Ni jina la nani hilo?"

"La guka. La baba yako."

"Na baba yangu alizaa wavulana wangapi?"

Ami hakujibu. Sisi wageni tulikuwa hatujui, lakini uso wake ulituambia. Cucu akajibu mwenyewe. "Hakuzaa hata mmoja. Tulikuwa wasichana wanne. Siku alipokufa, watu walisema maneno kama haya yako, na mimi nilikuwepo nikiyasikia. Nikakuzaa wewe. Sasa unakunywa chai hapa kwa jina lake, ukiniambia jina hufa."

Kisha akamwuliza swali la pili. Dada zako wawili, aliuliza, kila mmoja wao mvulana wake wa pili anaitwa nani? Ami akajikuna kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wavulana wote wawili wanaitwa jina la yule mzee wa shamba la kahawa, lile lile la mwendo wa haraka. Mmoja wao alikuwa hapo nje, akicheza mpira wa karatasi na wasichana wa nyumba ile.

Basi tukahesabu upya. Kwa tisa wa ami tukaongeza dada wawili waliozaliwa na jina hilo, tukaongeza na wavulana wawili wanaoitwa hilo. Jumla ikawa watu kumi na watatu. Bado ni haba, bado mtu anaweza kuwaita wote kwa chakula cha mchana wakatosha sebuleni. Lakini si jina lililofika kaburini.

Mama mtoto akainua uso. Akamchukua binti yake kutoka kwa Cucu, akamfunika vizuri, akaniomba nimsogezee chupa ya chai.

Nawe msomaji, kabla jua halijatua leo, uliza nyumbani kwenu jina lenu lilianzia wapi na linabebwa na wangapi. Na ukihesabu, usisahau walio upande wa mama. Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.